Yaya, usimtumie tena zile video

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa,

Naandika hapa mbele ya watu kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana. Tena najua nyumba nyingi za Lubumbashi hii zina mke wa askari anayesubiri, na zina yaya kama wewe. Jina lako sitalitaja. Utajijua.

Jumanne iliyopita usiku nilikuwa kwa shemeji yetu, mke wa mdogo wetu aliye jeshini, kule Katuba. Umeme umekatika, watoto wamelala, bukari, yaani ugali, imebaki nusu sahani. Simu yake ikalia. Ulikuwa wewe. Video ya dakika moja na kitu: askari wamelala kandokando ya barabara ya udongo, hawaamki, na anayewapiga picha anacheka. Chini yake umeandika: "Angalia kama ni wa upande wake."

Aliangalia. Nilitaka kumnyang'anya simu, nikachelewa. Aliisimamisha video, akaikuza kwa vidole viwili, akaanza na viatu. Halafu mikono. Mdogo wetu ana kile kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilichopinda tangu alipoanguka kutoka kwenye mwembe wa baba. Basi shemeji alikuwa anakitafuta kidole hicho kwenye maiti za watu, mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa mwisho akasema, "Hayupo," akailaza simu kifudifudi mezani, akaenda kuosha vyombo gizani. Hakulia. Heri angelia.

Kesho yake kijana mmoja kwenye kundi la familia akasema ile video ni ya zamani, na wala si ya vita hii ya mashariki ya Kongo.

Najua hukufanya kwa ubaya. Wewe ni mkubwa, unataka kujua mtoto wa mama yako yuko hai. Lakini kumbuka vizuri. Novemba 2022, rais alipowaita vijana wajiandikishe jeshini, ni wewe uliyempeleka. Ulimnunulia begi. Siku anaondoka ulichinja mbuzi, ukasema mbele ya wazee kwamba mke na watoto wake watakuwa mikononi mwako. Mbuzi tulimla wote. Yale maneno mengine, Yaya, tangu Pasaka hujafika Katuba hata mara moja.

Huenda unadhani jeshi linawatunza. Wake wanaokaa kambini, kama pale Vangu, wana shida zao nyingi, lakini angalau ukuta kwa ukuta wana mwenzao anayejua hali ile. Mmoja akipata habari, wote wanapata. Shemeji yetu amepanga. Majirani zake ni fundi cherehani, muuza ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na mchungaji. Watu wazuri, ila kila mmoja akipita mlangoni ni swali lilelile: "Amepiga?" Asubuhi "amepiga?", kisimani "amepiga?", mpaka kanisani. Sasa anachota maji jioni sana ili asikutane na watu. Sote tunamuuliza ili sisi wenyewe tutulie, halafu tunamwachia yeye hofu yetu aibebe pamoja na ndoo. Mimi pia nilikuwa hivyo. Siku moja alinijibu, "Ukija, uliza habari zangu mimi," nikaona aibu.

Kuhusu pesa, nikueleze taratibu maana naona hapo ndipo huelewi. Tangu ilipotangazwa mwezi wa tatu 2025 kwamba mishahara ya askari itaongezwa mara mbili, ndugu ambao hatujawaona tangu msiba wa bibi wanampigia kumkopa. Wanadhani amekalia sanduku. Mshahara unaingia benki, kweli. Lakini kadi ya benki iko mfukoni mwa mume, na pale alipo hakuna benki. Anangoja mwenzake anayekwenda mjini, anampa kadi na namba ya siri, kisha pesa inatumwa huku kwa simu, imekatwa hapa, imekatwa pale. Mwezi mwingine inafika tarehe tano, mwingine tarehe ishirini. Mwenye parseli, yaani mwenye nyumba, yeye hajui mambo ya mstari wa mbele, anajua tarehe moja. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, sawa, lakini viatu si bure, wala daftari, wala dawa ya tifo aliyougua yule wa kwanza mwezi uliopita.

Dawa ya jambo hili ni mdogo wetu kumwandikia mkewe karatasi ya kumruhusu achukue pesa, ile wanayoiita prokurasio. Ilitakiwa iandikwe kabla hajaondoka. Hakuna aliyetuambia. Akija ruhusa, hicho kiwe kitu cha kwanza, kabla ya bia. Kwa sasa nimemsindikiza shemeji kwenye ofisi moja mara tatu kuuliza kama inaweza kufanyika yeye akiwa mbali. Mara ya kwanza "kesho", mara ya pili mwenye muhuri hayupo, mara ya tatu tulisimama mlangoni mpaka saa nane wakatuambia turudi tukija na mkubwa wetu. Wewe una koti, una Kifaransa cha koti. Ukisimama pale asubuhi moja tu, unajua mwenyewe watakavyokupa kiti.

Na hili la kumficha mume shida za nyumbani. Wewe na mama mkubwa mlimwambia asimguse mumewe kwa habari za ugonjwa, eti askari akiwaza nyumbani anakufa. Alitii. Mdogo wetu akaja kusikia habari ya tifo kutoka kwa rafiki yake wa Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, yeye akiwa mlimani, mtoto ameshapona siku nyingi. Hakulala siku mbili akidhani kuna makubwa zaidi anayofichwa. Mimi siafikiani nanyi, samahani. Aambiwe, ila aambiwe pamoja na kilichokwisha kufanywa: mtoto aliugua, alipelekwa, amekunywa dawa, anakula.

Yeye hupiga Jumapili alfajiri, rezo, yaani mtandao wa simu, ikimkubali. Dakika tatu, nne. Watoto wanapanga mstari, kila mmoja na neno lake moja. Jumapili hii yule mdogo alikuwa ameng'oka jino. Ilipofika zamu yake akapanua kinywa mbele ya simu, ile nyingine ya vibonye isiyo na kamera, akanyamaza hivyohivyo ili baba aone. Mama yake akamnong'onezea baba kinachoendelea. Sauti ikatoka kwenye spika: "Nimeliona. Pengo kubwa kabisa." Mtoto akatembea na pengo lake siku nzima.

Ndiyo maana ukimpigia shemeji Jumapili alfajiri kumuuliza "amepiga?", unaziba njia. Nimekuomba mara ngapi.

Rezo isipopatikana wiki mbili, tafadhali usianze kuzunguka na sura ya matanga. Jirani mmoja pale Katuba, mume wake alikuwa Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Kimya. Februari kimya, Machi kimya, wakwe wakaanza kuuliza habari za vitu vya nyumbani, kitanda ni cha nani, televisheni ni ya nani. Tarehe 30 Aprili CICR, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, wakatangaza kwamba wanawasindikiza hadi Kinshasa mamia ya askari na polisi walionyang'anywa silaha, pamoja na familia zao, waliokuwa wamekimbilia kwenye ngome za MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kule Goma. Mume wake alikuwa miongoni mwao. Televisheni iko palepale. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi wa kweli, twende tukaulize Msalaba Mwekundu. Kutafuta waliopotezana na ndugu zao ni kazi yao na hawadai pesa. Kundi la WhatsApp si mahali pa kutafutia mtu. Wala usimuulize mdogo wetu kwenye simu yuko kijiji gani na wako wangapi. Hilo halikuhusu wewe wala mimi, na simu ina masikio.

Unaniuliza kila mara, "Sasa nifanye nini mimi, mtu wa kawaida?" Gunia la makala, yaani mkaa. Mvua imeanza, makala ya sokoni imelowa na bei imepanda, mbabula, lile jiko la makala, inatoa moshi mpaka mtoto anakohoa. Gunia moja kavu, kila mwezi, bila kupiga picha ya kukabidhi. Mchukue yule mkubwa siku moja moja umpeleke uwanja wa Kamalondo akaone Mazembe wakicheza mpira, kwa sababu ameanza kukaa sana mlangoni akitazama barabara. Ukija usikae sebuleni ukisubiri soda. Mama yao akitaka kuzungumza juu ya mumewe, zungumza. Akitaka kuzungumza juu ya bei ya sombe, majani ya muhogo, zungumza bei ya sombe.

Jumamosi hii nitakuwa kule tangu saa tatu. Bati limetoboka juu ya kitanda cha watoto, usiku wa mvua wanahamia chini ya meza. Ngazi nimeazima kwa mchungaji. Nyundo ninayo. Misumari ya bati sina, pita dukani uchukue nusu kilo, ile yenye kofia pana, na simu iache kwenye gari.