Barua kwa mwanangu: mrututu, chokaa na ndoo ya bati

Mwanangu,

Marahaba. Hapa Mbozi hatujambo, kahawa imeanza kuiva. Unasema aina za mimenyuko ya kikemia, yaani vitu vinavyobadilika kuwa vitu vingine, unazikariri usiku, asubuhi zimechanganyika, na mwalimu anauita mmenyuko mmoja kwa majina mawili. Mwalimu yuko sahihi. Mkaa ukiwaka, kaboni inashikana na oksijeni, inatoka kabonidioksidi: ni muungano, na ni uunguaji pia. Basi achana na majina kwanza. Tazama vimeingia vingapi, vimetoka vingapi, na nani kahama.

Anza na chokaa. Mawe wanayochoma kule Songwe ni kalsiamu kaboneti. Joto likifika kama nyuzi 900, kitu kimoja kinakuwa viwili: kalsiamu oksaidi inabaki, kabonidioksidi inapaa. Huo ni mtengano. Jiwe safi la kilo 100 linabakiza kilo 56 tu, ndiyo maana likitoka tanuruni ni jepesi. Limwagie maji, linachemka na kupasuka mpaka linakuwa unga. Viwili vimeingia, kimetoka kimoja, kalsiamu haidroksaidi. Muungano huo, na joto lake linababua ngozi, usiuchezee.

Sasa njoo shambani. Ile dawa ya bluu tunayopulizia mibuni kuzuia kutu ya majani ni mrututu, yaani shaba salfeti, uliochanganywa na chokaa iliyozimwa, ile kalsiamu haidroksaidi. Shaba inachukua haidroksaidi, kalsiamu inachukua salfeti. Zimebadilishana wenzi. Ndani ya pipa yanatokea mengi kuliko hayo, lakini kwenye mtihani andika hivi:

CuSO4 + Ca(OH)2 → Cu(OH)2 + CaSO4

Ile shaba haidroksaidi haiyeyuki kwenye maji. Kwa hiyo dawa inang'ang'ania jani hata mvua ikinyesha.

Ulikuwa unaniuliza kwa nini nakataza mrututu kukorogwa kwenye ndoo ya bati. Ndoo hiyo ni chuma kilichopakwa zinki. Chuma ni kikali kuliko shaba, yaani kinamenyuka upesi zaidi, kinaifukuza kwenye salfeti na kukaa mahali pake. Zinki iliyo juu ndiyo inayotangulia kufanya hivyo. Ndoo inaliwa, bluu inafifia, na shaba inaganda kwenye ndoo badala ya kwenda kwenye majani. Tunatumia plastiki, basi. Dhahabu ya Chunya haiwezi kumfukuza yeyote kati ya hao, iko mkiani kabisa mwa orodha ya metali zilizopangwa kwa ukali, na ndiyo sababu wachimbaji wanaikuta ikiwa dhahabu tayari ndani ya mwamba. Orodha hiyo ya metali, kuanzia potasiamu hadi dhahabu, ndiyo peke yake ningekuambia uikariri.

Asidi na besi hazina fumbo: chokaa, ambayo ni besi, tunayomwaga kwenye udongo wenye asidi kabla ya kupanda mahindi inaipunguza asidi hiyo, basi.

La uunguaji nalisema kama mama, si kama msaidizi wa kemia. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inashika damu pale oksijeni ilipotakiwa kushika. Najua baridi ya Njombe mwezi huu. Msiingize jiko chumbani mkafunga madirisha, hata kama mkaa umekolea na hautoi moshi. Blanketi la pili nimempa kondakta wa basi la Jumamosi, kalipokee stendi kabla halijapotea.

Baba yako anakusalimia.

Mama yako