Ziwa la Mwanakwerekwe lilindwe kuanzia linakotoka maji yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Ziwa la Mwanakwerekwe, hapa Unguja, ambalo kila ifikapo masika hutajwa kwa lawama, na mvua zikishapita husahauliwa mpaka mwaka mwengine. Kwa miaka mingi habari zake zimekuwa zile zile: limejaa, limefunika barabara, gari zimekwama, nyumba zimeingia maji. Kwa hivyo wengi wetu tumelichukulia kuwa ni adha ya mji, na wapo wanaosema waziwazi kwamba dawa yake ni kifusi. Mimi naamini kwamba kulifukia ni kosa ambalo gharama yake itakuja kuonekana katika visima vyetu, na kwamba ziwa hili halitapona kwa kazi inayofanywa ukingoni mwake peke yake, ikiwa ardhi ya juu yake inaachiwa iendelee kama inavyokwenda sasa.

Maji yanayojaa pale yanateremka kutoka mitaa ya juu. Sehemu kubwa ya ardhi ya ukanda huu ilikuwa mashamba, yakiwemo yale ya eka tatu tatu waliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, yenye mihogo, miembe na minazi. Mvua ikinyesha, udongo ulikuwa ukinywa kwanza, na yanayobakia ndiyo yaliyoteremka bondeni taratibu. Mashamba hayo yamekatwa viwanja, kimoja baada ya kimoja. Sensa ya 2012 iliuhesabu Mkoa wetu wa Mjini Magharibi kuwa na watu 593,678. Ile ya 2022 ikahesabu watu 893,169. Simlaumu mtu kwa kutafuta pa kukaa, kwa sababu kila familia ina haki ya paa juu ya kichwa chake. Lakini kila paa la bati na kila ua uliosakafiwa kwa saruji unayanyima maji nafasi ya kuzama, na maji yaliyonyimwa nafasi hiyo yanakimbilia chini kwa pamoja, yakiwa yamebeba kila kilicholala njiani.

Anayetaka kuona kinachobebwa na asimame kwenye mdomo wa mtaro mvua za mwanzo za masika zinapoanguka. Maji ya kwanza huwa meusi, yenye mafuta yanayong'ara juu yake, na povu zito linalojikusanya pembeni. Hufuata chupa za plastiki, vifuu, mabaki ya mboga, kandambili iliyokatika, pempasi zilizovimba kwa maji. Yangeyange husimama juu ya mafurushi hayo hayo wakitafuta riziki yao.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haionekani kwa macho. Nyumba nyingi za mitaa yetu hutumia vyoo vya shimo na makaro, yaani mashimo ya kukusanyia maji machafu ya vyoo, na katika bonde ambalo maji ya ardhini hupanda wakati wa masika, karo lililochimbwa chini linakutana na maji hayo moja kwa moja. Uchafu wa vyoo ni mbolea. Ukiingia katika maji yaliyotuama, hustawisha mimea midogo ya kijani mpaka uso wote ukafunikwa. Mimea hiyo ikifa huoza, na katika kuoza hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Uchafu huo huo ukipenya ardhini huelekea kwenye visima vya uani. Katika mtaa wetu kipo kisima ambacho maji yake hutumika kufulia na kuoshea vyombo, na bomba likikatika hunywewa pia, hali ya kuwa karo la jirani liko upande wa pili wa ukuta. Kipindupindu kimekuwa kikirudi Zanzibar tokea 1978, na Serikali ina mpango wa kukitokomeza unaoanzia 2018 hadi 2027. Sioni vipi mpango huo utatimia ikiwa vyoo vyetu na visima vyetu vinaendelea kunywa pamoja.

Hoja ya mbu nayo hutolewa kila mara na wanaotaka ziwa lifukiwe. Ni hoja ya kusikilizwa, lakini inaelekezwa pasipo mahala pake. Mbu wengi wanaotunyima usingizi mjini ni wale wanaozaliana katika maji machafu: makaro, vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba. Hao ndio wanaoeneza matende katika miji yetu ya mwambao. Mwaka 1988 huko Makunduchi vyoo vya shimo vilimwagiwa punje nyepesi za polistirini zikaziba uso wa maji yake, wananchi wakapewa na dawa za matende, na mbu wakapungua kwa kiasi kikubwa. Kazi ile ilifanyika chooni, ndiko walikokuwa mbu. Ziwa lenye maji yaliyo hai huwa na samaki wadogo na vijana wa kerengende wanaokula viluwiluwi vya mbu, na viumbe hao ndio wa mwanzo kuondoka uchafu ukizidi.

Mitaro mikubwa ya maji ya mvua iliyojengwa mjini imewapunguzia watu mateso, na anayekaa bondeni hawezi kuibeza. Lakini mtaro hausafishi maji. Unachokifanya ni kuuhamisha uchafu mpaka pwani, kwenye maji wanayovua watu, na pamoja nao unapeleka baharini maji ya mvua ambayo tungeyahitaji ardhini. Unguja haina mto mkubwa wa kutegemea. Tunakunywa maji ya chemchem na visima, na yote hayo ni mvua iliyopata nafasi ya kuzama. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchem za upande wa Bububu, na mpaka leo msitu wa Masingini unahifadhiwa kwa kuwa ni chanzo cha maji. Hatuoni ajabu kulinda mlima ule kwa ajili ya chemchem zilizo chini yake. Bonde la Mwanakwerekwe linastahili hesabu hiyo hiyo.

Ninachokiomba kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, Mamlaka ya Maji na Manispaa ya Magharibi B ni kwamba eneo lote linaloteremsha maji kwenye ziwa lipimwe na lichorwe, mtaa kwa mtaa, na ukingo wa maji ya masika uwekewe alama za zege ambazo hakuna ujenzi utakaoruhusiwa kuzivuka. Ndani ya eneo hilo makaro yajengwe yasiyovuja na yanyonywe kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, kwani penye bei kubwa watu husubiri mvua ndiyo wayafungulie makaro yao. Mitaro iwekewe machujio ya taka kabla ya kuingia ziwani, yasafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Malori yanayomwaga kifusi usiku yanajulikana mitaani, na masheha wapewe nguvu ya kuyasimamisha.

Na ramani hiyo ikishachorwa isifungiwe kabatini. Ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya shehia inayohusika, ili anayetaka kununua kiwanja aione kabla hajatoa fedha yake.

Wako,
Mkaazi wa Mwanakwerekwe,
Unguja.