Bodi Yako Haionekani kwenye Ubuntu? Isome Hii Kabla ya Kununua Nyingine

Wateja wengi wanaotuletea bodi za Arduino na ESP32 (bodi ndogo za kielektroniki zinazoelekezwa kazi kwa msimbo), hasa wanafunzi wa uhandisi waliobakiza siku chache kuwasilisha miradi yao, hufika wakiwa wamekwisha kuamua kwamba bodi imeungua. Wamehama kutoka Windows kwenda Ubuntu, ambao ni mfumo wa Linux, wamechomeka bodi, taa yake imewaka, lakini programu ya Arduino haioni mahali popote pa kupeleka msimbo. Wengine wamekwishanunua bodi ya pili, nayo ikagoma vilevile. Fedha hiyo inatuuma, kwa sababu tunapozipima bodi hizo kwenye karakana yetu, nyingi tunazikuta nzima.

Anayelaumiwa kwanza huwa ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa. Aliyezoea Windows huanza kutafuta draiva mtandaoni na kupakua mafaili kutoka tovuti asizozijua, jambo ambalo kwenye Linux kwa kawaida halihitajiki. Draiva ya CH340, chipu ya kuunganisha bodi na USB iliyomo kwenye bodi nyingi za bei nafuu zinazoiga Arduino Uno, imo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, kwa jina la ch341, na ile ya CP2102, inayopatikana kwenye bodi nyingi za ESP32, imo pia kwa jina la cp210x. Badala ya kupakua chochote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sudo dmesg -w, amri inayoonyesha taarifa za kerneli kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo (ndiyo kazi ya sudo), kisha chomeka bodi huku ukitazama mistari inayotokea. Usipoona mstari wowote mpya, badilisha kebo: kebo nyingi za kuchajia simu zina nyaya za umeme tu, hazina nyaya za data, kwa hiyo taa ya bodi itawaka ilhali kompyuta haina habari kwamba kuna kitu kimechomekwa.

Tatizo linalowasumbua watu zaidi tunalikuta kwenye Ubuntu 22.04. Kwenye dmesg mstari mmoja unasema kwamba ch341 imeunganishwa na ttyUSB0, yaani mlango ambao programu hupitia kuifikia bodi, na mara moja unafuata mwingine unaosema kwamba imetenganishwa; kati ya hiyo miwili, ukisoma kwa makini, utaliona neno brltty. Hiyo ni programu ya watumiaji wasioona, ambayo kazi yake ni kuunganisha kompyuta na kifaa kinachoonyesha maandishi ya nukta nundu. Kila kifaa cha USB hujitambulisha kwa namba mbili, na namba za CH340 ni 1a86:7523. Kwa kuwa kipo kifaa cha nukta nundu kinachojitambulisha kwa namba hizohizo, brltty inapoiona bodi yako hudhani ni kifaa chake na kuichukua, na ndipo ttyUSB0 inapotoweka.

Ushauri unaosambaa ni kuiondoa programu hiyo kwa amri ya sudo apt remove brltty, na kwenye kompyuta ya mtu binafsi asiyeihitaji hatuna pingamizi. Hata hivyo, tunawasihi wanaosimamia kompyuta za maabara za vyuo wasifanye hivyo, kwa sababu mwanafunzi asiyeona atakayeketi hapo kesho atakuwa amenyang'anywa chombo chake cha kusomea. Kwenye kompyuta za namna hiyo sisi hunakili faili la 85-brltty.rules, lenye orodha ya namba za vifaa ambavyo brltty huvichukua, kutoka /usr/lib/udev/rules.d kwenda /etc/udev/rules.d, kisha katika nakala hiyo tunauzima kwa alama ya # mstari wenye namba za CH340 peke yake. Vifaa vingine vya nukta nundu huendelea kufanya kazi kama kawaida.

Ikiwa ttyUSB0 ipo na haitoweki, lakini unaambiwa huna ruhusa, jiunge na kikundi cha dialout, chenye ruhusa ya kutumia milango hiyo, kwa amri hii: sudo usermod -aG dialout $USER. Herufi a isisahaulike, kwani bila hiyo mfumo utakutoa katika vikundi vyako vingine, kikiwemo kile kinachokuruhusu kutumia sudo. Baada ya hapo toka kabisa kwenye akaunti yako uingie upya, maana kufunga dirisha la terminali hakutoshi. Wapo wanaokwepa hatua hii kwa kuifungua programu ya Arduino kwa sudo. Hatuwashauri, kwa sababu mafaili ya mradi hubaki ni mali ya msimamizi wa mfumo, na siku nyingine mwenyewe hawezi kuyahariri.

Kwa wanaotumia esptool (programu ya kupeleka msimbo kwenye ESP32) kwenye Ubuntu 24.04, pip, yaani kisakinishi cha programu za Python, ikikataa kusakinisha, tengeneza kwanza mazingira ya pekee ya mradi kwa python3 -m venv, usakinishe humo. Usiilazimishe, kwa kuwa Python hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na sehemu nyingine za mfumo.

Ukishindwa, njoo na kompyuta, bodi na kebo ileile uliyokuwa ukiitumia, kwani kebo ndiyo ambayo wengi huiacha nyumbani. Tunafanya kazi mteja akiwa ameketi kando yetu akiona kila amri, na tunamwachia orodha ya amri hizo. Hatuuzi bodi mpya kabla ya kuichomeka ile ya zamani kwenye kompyuta yetu, kwa kebo yetu, mbele ya mwenyewe.