Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka: jalada la kipigo liandaliwe kana kwamba mke hatakuja

Ndugu Mkurugenzi wa Mashtaka,

YAH: MASHAURI YA KIPIGO CHA NYUMBANI MKOANI KIGOMA

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni mawakili wa kujitegemea na wasaidizi wa kisheria tunaofanya kazi Kigoma Ujiji, Kasulu na vijiji vya mwambao wa Uvinza. Tuna ombi moja, na mengine yote humu yanatokana nalo: wakili wa Serikali akipokea jalada la mume aliyempiga mkewe, aliandae tangu siku ya kwanza kana kwamba mke hatapanda kizimbani. Akipanda na kusema kweli yote, heri. Akinyamaza, au akisema aliteleza kisimani, shauri liwe bado na miguu ya kusimamia.

Hati ya mashtaka husomeka "Jamhuri dhidi ya" fulani. Ukifungua jalada, mara nyingi huioni Jamhuri. Unakuta maelezo ya mke, PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha) yenye mistari miwili, na maelezo ya askari mpelelezi anayesimulia alichoambiwa na mke huyohuyo. Uzito wote umebebwa na mdomo mmoja. Mwenye mdomo huo jioni anarudi nyumba ileile, anachota unga wa muhogo kwenye gunia lililonunuliwa na mshtakiwa, na wakwe wanamkumbusha kwamba mahari ililipwa na watoto ni wa ukoo wao. Siku ya ushahidi anasema amemsamehe. Hilo analijua kila karani wa mahakama, na ndiyo maana tunaumia tukiona jalada ambalo halikujiandaa nalo.

Sheria haina utata juu ya kosa lenyewe. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kwa kuwa hatuna sheria mahususi ya ukatili wa nyumbani, mashtaka hutoka kwenye Kanuni ya Adhabu: shambulio la kawaida chini ya kifungu cha 240, shambulio la kudhuru mwili chini ya 241, kujeruhi vibaya chini ya 225. (Namba tunazotaja za sheria hii, ya Ushahidi na ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni za toleo la 2022.) Kifungu cha 241 kina kifungo kisichozidi miaka 5, cha 225 miaka 7. Mkono ukivunjika au jicho likipofuka, wakili asiridhike na 241 kwa sababu tu ndicho kilichokuja kimeandikwa kwenye jalada. Na tarehe ya kwenye hati ilingane na ya kwenye PF3. Zikitofautiana, aombe kurekebisha hati chini ya kifungu cha 234 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kabla mashahidi hawajaanza, mshtakiwa asomewe upya na ajibu upya.

Sasa, mke akigeuka. Kwa kawaida mwenzi halazimishwi kutoa ushahidi upande wa mashtaka, lakini kifungu cha 130 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kosa likigusa mwili au mali yake, au ya watoto wao, anaweza kulazimishwa. Tunaomba nguvu hii itumike kwa kipimo. Samansi, ndiyo, tena ipelekwe mapema na apelekewe mkononi, kwa sababu inamkinga: anaweza kumwambia mumewe kwamba Serikali imemwita na hana hiari. Hati ya kumkamata, hapana. Mwanamke aliyeletwa mahakamani na askari kwa nguvu hatarudi tena kwenye dawati la jinsia la polisi safari ijayo, na wenzake kijijini watakuwa wamejifunza.

Wapo wanaodhani kwamba mke akikana, maelezo yake ya polisi yatamsemea. Hayatamsemea. Wakili anaweza kuomba ruhusa ya kumhoji kama shahidi aliyegeuka, chini ya vifungu vya 163 na 164 vya Sheria hiyohiyo ya Ushahidi, na kuyatoa maelezo yale kuonyesha kwamba alisema vingine. Kinachopatikana hapo ni kumvunjia shahidi uaminifu wake. Kosa halijathibitishwa bado. Kifungu cha 34B nacho, kinachoruhusu maelezo yasomwe bila mwenyewe kufika, kina masharti yanayopaswa kutimia yote kwa pamoja, likiwemo la upande wa pili kupewa nakala na siku 10 za kupinga. Mke ambaye yupo nyumbani, mzima, ila hataki kuja, haingii humo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye PF3, na hapa tutakaa kidogo.

PF3 tunazokutana nazo zaidi husema hivi: "Michubuko usoni, maumivu ya mwili. Kitu butu." Basi. Wakili wa utetezi akiuliza kama mtu akianguka kisimani anaweza kupata michubuko usoni, daktari atajibu ndiyo, na shauri limekwisha. Linganisha na hii: "Uvimbe wa sentimita 4 kwa 3 chini ya jicho la kushoto, unauma ukiguswa. Alama mbili sambamba, kila moja sentimita 11, upande wa nje wa mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo." Alama za upande wa nje wa mkono ni za mtu aliyeinua mkono kujikinga. Anayeteleza kwa kawaida hutanguliza viganja na magoti. Daktari aliyeandika hivyo anaweza kulijibu swali la kisima hata mke asiposema neno. Wakili anachotakiwa kufanya ni kuisoma PF3 siku jalada linapofika na kuirudisha kwa daktari, kupitia mpelelezi, akiomba vipimo, upande wa mwili, umri wa jeraha na kiwango cha madhara. Miezi mitatu baadaye daktari hakumbuki, au amehamishwa. Weusi wa ngozi nao huficha vilio vya damu siku ya kwanza. Daktari aandike uvimbe na maumivu, si rangi peke yake.

Kuna jambo moja ambalo PF3 hukaa kimya kabisa: kukabwa. Mwanamke aliyekabwa koo anaweza asiwe na alama hata moja shingoni. Lazima aulizwe. Sauti imekauka? Kumeza kunauma? Alipoteza fahamu, au mkojo ulimtoka? Kuna vidoa vyekundu ndani ya kope au kwenye weupe wa jicho? Majibu hayo yaandikwe kwenye fomu. Tunalisisitiza kwa sababu utafiti uliofanywa nje, hasa Marekani, umeonyesha kwamba kukabwa ni miongoni mwa dalili kubwa za mwanamke ambaye baadaye atauawa na mwenzi huyohuyo. Jalada lenye neno "alinikaba" lisichanganywe na la kofi moja, na wakili alijue hilo kabla hajasema lolote juu ya dhamana.

Picha zipigwe mara mbili, siku ya kuripoti na baada ya siku mbili, maana uvimbe na vilio vya damu hujitokeza zaidi baadaye. Moja iwe ya mwili wote pamoja na uso, nyingine ya karibu yenye rula, au sarafu ya shilingi 200 ikikosekana rula. Aliyepiga picha aandikiwe maelezo: ni nani, kwa simu gani, lini, na picha ilihifadhiwa wapi. Bila hayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakuwa mwiba kwa picha hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa ujumbe wa simu wa vitisho. Simu yenyewe ihifadhiwe, karatasi iliyochapwa peke yake haitoshi.

Ndani ya mahakama PF3 hufa kwa njia mbili ambazo Mahakama ya Rufani imezisema mara nyingi. Ya kwanza, mshtakiwa hakuambiwa haki yake, chini ya kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya kutaka daktari aitwe. Ya pili, fomu ilipokelewa kama kielelezo na haikusomwa kwa sauti. Yote mawili ni kazi ya hakimu, lakini wakili wa Serikali ndiye anayepoteza, kwa hiyo asimame akumbushe na ahakikishe imeandikwa kwenye mwenendo. Na daktari aitwe hata kama utetezi haupingi: fomu ikifutwa kwenye rufaa, maneno aliyoyasema kizimbani hubaki.

Mashahidi wengine wapo kuliko majalada yanavyoonyesha. Jirani aliyesikia yowe saa nne usiku, mwenyekiti wa kitongoji aliyemwona akija peku amevua kanga kuziba damu, mwendesha bodaboda aliyempeleka zahanati. Kila mmoja aandikiwe alichokiona na kukisikia mwenyewe, na maneno halisi aliyoyasema mwanamke wakati ule, siyo muhtasari wa "alinieleza kuwa amepigwa". Mtoto naye, akiwa aliona, anaweza kusema baada ya kuahidi mbele ya hakimu kusema kweli na si uongo, kama kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinavyotaka tangu marekebisho ya 2016. Lakini tungependa awe wa mwisho kufikiriwa, kwani atarudi kulala kwa baba yake.

Tena kuna Kiha. Vijijini mama anaeleza kwa Kiha, askari anaandika kwa Kiswahili, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kulikuwa na mkalimani. Mahakamani anasema jambo lilelile kwa maneno mengine, na utetezi unaliita kujichanganya. Mkalimani aandikwe jina na asaini. Asiwe shemeji.

Dhamana ni haki kwa makosa haya, hatupingi. Tunachoomba ni wakili asimame na kuomba masharti: mshtakiwa asilale nyumba anayoishi mlalamikaji, asimtumie ujumbe, na mdhamini asiwe ndugu anayekaa kaya hiyohiyo. Mara nyingi husemwa "hatuna pingamizi" na shauri linaahirishwa. Saa mbili baadaye wote wawili wako kituo cha basi wakisubiri gari moja.

Suluhu tunaiheshimu, na kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo kinaikubali kwa shambulio la kawaida na makosa ya binafsi yasiyo makubwa wala kuzidi kiwango. Mfupa uliovunjika haumo. Mke akileta barua ya kuomba shauri lifutwe, wakili azungumze naye peke yake, mlango umefungwa, na afisa ustawi wa jamii akiwepo. Amuulize nani aliiandika barua, analala wapi sasa, nini kilitokea tangu kesi ifunguliwe, na kama kuna fedha au ng'ombe waliotolewa. Kisha alipime shauri bila yeye. Ibara ya 59B ya Katiba inakutaka uzingatie haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu, na maslahi ya umma. Msamaha wa mke unagusa la kwanza tu. Ukiamua kuliondoa shauri chini ya kifungu cha 98(a) cha Sheria ya Mwenendo, sababu ziandikwe kwenye jalada, ili wakili atakayelipokea shauri la pili la mtu huyohuyo azione.

Kuhusu adhabu, sentensi ile ya "hatuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, tunaomba adhabu kali iwe fundisho" inahitaji kutanguliwa na kazi. Kumbukumbu huenda ipo kwenye rejista ya mahakama ya mwanzo ya kata yake, na hakuna aliyekwenda kuitazama. Faini nayo ipingwe inapowezekana. Mwanamke anauza dagaa au anakopa kwenye kikoba ili kumtoa mume aliyempiga. Wakili aombe fidia chini ya kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo, akiwa na stakabadhi za matibabu na nauli mkononi, au huduma kwa jamii pale kosa linaporuhusu.

La mwisho ni la tarehe, na hili ni la kwetu. Mashahidi wa Buhingu au Kalya huja kwa boti, na wengi wao ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawafuati taa na mitumbwi inapumzika. Tarehe ya ushahidi ikiangukia giza, jirani aliyesikia yowe hatakuja, kwa sababu usiku mmoja wa giza ndio chakula cha wiki. Tunaomba mawakili wako wa Kigoma wawe na kalenda ya mwezi mezani wanapokubaliana tarehe na hakimu, waombe mashahidi wa mwambao wasikilizwe mfululizo katika siku zile zinazozunguka mwezi mpevu, na nauli yao iwe imeshaombwa kabla samansi hazijatoka. Jalada libaki kwa wakili mmoja tangu usikilizwaji wa awali hadi hukumu, kadiri watumishi wanavyotosha. Sheria ya 2008 inayosimamia mashtaka ya Serikali inakupa mamlaka ya kuratibu upelelezi, na tangu marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Mwenendo mashauri mengi hayafunguliwi kabla upelelezi haujakamilika, kwa hiyo muda wa kuirudisha PF3 kwa daktari upo.

Tuko tayari kukaa na mawakili wako wa mkoa siku yoyote watakayotupangia, tuje na majalada yaliyokwisha hukumiwa, tuyapitie ukurasa kwa ukurasa.

Wako katika kutafuta haki,

Mawakili wa kujitegemea na wasaidizi wa kisheria,
Kigoma