Zuhura, huo uzio wa maua ya njano

Mwanangu Zuhura,

Hujambo mama? Sisi huku Muheza wazima, ila baba yako goti linamsumbua. Picha za nyumba nimezipata. Hongera sana. Kupata nyumba yenye nafasi hapo Dodoma kwa jasho lako mwenyewe si jambo dogo, na kila anayepita barazani nimemwonyesha. Lakini ile picha ya mjukuu wangu kasimama chini ya uzio wa maua ya njano imeninyima usingizi.

Mti huo naujua, nimeufundisha darasani. Vitabu vyetu vya zamani viliuita Thevetia peruviana, vya sasa vinaandika Cascabela thevetia. Nenda leo ukautazame kwa karibu, maana kwenye picha jani silioni vizuri. Jani lake ni jembamba, linang'aa, urefu sentimita 10 hadi 15, upana hata sentimita 1 halizidi sana, na majani yanajipanga moja moja kuzunguka tawi. Ukikuta majani yametoka matatu matatu pamoja na maua ni ya waridi au meupe, hiyo ni oleanda, ndugu yake wa ukoo mmoja, na sumu ni ya aina ile ile. Ua la huu lina umbo la faneli, petali 5 zilizopandana na kujisokota, halifunguki likaisha. Kata jani moja: utatoka utomvu mweupe. Kisha nawa mikono kwa sabuni, usimshike mtoto kabla.

Linalonitisha ni tunda. Ni la kijani, lina pembe pembe, upana wake sentimita 3 au 4, likiiva linakuwa jeusi na kuanguka chini. Ndani mna kokwa ngumu yenye mbegu 2 hadi 4. Mti mzima una sumu, lakini mbegu ndizo zimezidi. Sumu hiyo inakwenda kwenye moyo, mapigo yanapungua na kuvurugika. Kuukausha au kuuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo fimbo zake zisiwe mwiko wala vijiti vya mishikaki, nawe mishikaki unaipenda. Na huyo mume wangu mdogo yuko umri wa kuokota kila kitu na kutia mdomoni. Zuhura, tunda linaanguka pale pale anapochezea.

Simlaumu mwenye nyumba. Watu wanaupanda kwa sababu unavumilia jua kali, mbuzi hawaugusi, na maua hayakatiki. Lakini wewe tangu utotoni macho yako yako mbali, hesabu zako hazikosei hata senti, ila kilicho miguuni hukioni. Hata simu ile nilipokuuliza ni mti gani, ukanijibu, "Maua tu, mama." Si maua tu.

Zungumza na mwenye nyumba kwa adabu, mwombe ruhusa ya kuung'oa, gharama nitachangia. Akikataa, kata matawi yenye matunda na uokote yaliyoanguka kila asubuhi, na yule dada anayekusaidia mwonyeshe tunda lenyewe alijue. Wala usiniambie mtapanda minyaa badala yake. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni balaa nyingine. Pandeni haibiskasi, itataka maji zaidi lakini nami nitalala usiku nikiwa na amani.

Likitokea la kutokea, Mungu apishie mbali, usisubiri atapike ndipo uamini. Usimtapishe, usimpe maziwa ukakaa kumwangalia. Mdomo kuwaka au kufa ganzi, kutapika, kuharisha, kusinzia, hizo ni dalili, lakini wewe toka nyumbani kabla hujaziona. Beba tunda au tawi, uwaambie hospitali jina lake na saa aliyokula. Kule wana dawa ya mkaa wa kunyonya sumu, si huu wa jikoni, na watamwangalia moyo. Hata akionekana mzima wakikwambia abaki, abaki.

Mume wako naye asome barua hii. Ni kijana mwema, ila ana tabia ya kusema "haina shida."

Machungwa mwaka huu yamezaa vizuri, bei ndiyo hairidhishi. Nimekufungia gunia dogo, litakuja na basi la Jumamosi, pamoja na shuka la mtoto na viungo vya pilau nilivyosaga mwenyewe. Paa la jikoni linavuja upande wa kuni, fundi ameahidi kuja wiki ijayo. Baba yako anauliza stakabadhi ya pampu ya maji, anadhani ulikwenda nayo kwenye ule mkoba wa bluu. Itafute, dhamana yake inakaribia kwisha.

Picha ya majani nitumie leo, si kesho.

Mama yako