Barua ya Malalamiko: Usanifu Mliotuletea si wa Taasisi Yetu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ushauri Elekezi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUKATAA RIPOTI YA MWISHO YA USANIFU WA TAASISI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeisoma ripoti yenu ukurasa kwa ukurasa, kisha nikaipitia tena pamoja na wakuu wa idara. Kwa kauli moja tumeamua kutoipokea. Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu kiongozi wa timu yako amekuwa akinijibu kwa ahadi tu.

Hadidu za rejea zilikuwa wazi. Tulitaka kuoneshwa taasisi inavyofanya kazi leo, inavyopaswa kufanya kazi kesho, na njia ya kutoka hapa kufika kule, huku shughuli, taarifa, programu na mitambo vikisomana. Mlisema mtafuata TOGAF, nasi tukaridhika, maana ni mwongozo wa kusanifu taasisi uliopo tangu 1995 na hatua zake zinaweza kukaguliwa. Lakini ripoti imebeba majina ya hatua hizo, kazi yenyewe haimo.

Chukua uchambuzi wa pengo. Vijenzi, yaani sehemu zinazounda usanifu kama vile programu, vya hali ya sasa hupangwa upande mmoja wa jedwali na vya hali lengwa upande mwingine. Kijenzi kilichopo leo kisipoonekana kwenye hali lengwa, ama kimeondolewa kwa makusudi na kuandikwa hivyo, ama kimesahaulika na lazima kirudishwe. Jedwali lenu lina safu ya vilivyoondolewa, nayo ni tupu kutoka juu hadi chini. Hata hivyo, programu yetu inayolinganisha malipo ya wateja na taarifa za benki kila usiku, ambayo imo kwenye mchoro wenu wa hali ya sasa, haionekani popote kwenye mchoro wa hali lengwa. Hakuna palipoandikwa kwamba imeondolewa, wala kwamba kazi yake imehamishiwa kwenye mfumo mwingine.

Aliyeligundua hilo ni mhasibu wetu, kikaoni, mchoro ukiwa ukutani. Aliuliza, "Sasa fedha za jana nitazithibitishia wapi?" Mtaalamu wenu akamjibu kwamba hilo litaangaliwa wakati wa utekelezaji. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Tungenunua mifumo kwa kufuata mchoro ule, tungeizima programu hiyo, na pengo tungeliona siku hesabu zimekataa kufungwa. Usanifu unafanywa mapema ili kasoro kama hiyo ionekane ikiwa bado ni mstari kwenye karatasi.

Naamini chanzo chake ni kwamba hamkuzungumza na wanaofanya kazi. Mliwahoji wakuu wa idara, mkaishia hapo. Kiwango cha ISO/IEC/IEEE 42010, mnachokitaja kwenye utangulizi wenu, kinataka maelezo ya usanifu yabainishe wadau na mambo yanayowahusu. Orodha yenu ya wadau haina mhasibu hata mmoja, ila ina meneja wa maghala. Sisi hatuna ghala. Hatujawahi kuwa nalo.

Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo, na naomba uichukue kwa uzito. Ukurasa ule unaonekana kuandikwa kwa ajili ya mteja mwingine. Sisi tumewakabidhi ramani ya mtandao wetu, orodha ya seva na udhaifu wa mifumo yetu. Ikiwa kurasa za mteja mwingine zimefika kwetu, nani atatuhakikishia kwamba za kwetu haziko mezani kwa mtu mwingine?

Jambo lingine ni modeli. Mkataba unadai modeli ya ArchiMate, lugha ya kuchorea usanifu wa taasisi, katika faili la kubadilishana, linaloweza kufunguliwa kwenye zana nyingine. Mmetuletea picha ndani ya PDF. Picha haihaririki, hivyo idara mbili zikiunganishwa mwakani, itabidi turudi kwenu kulipia mchoro mpya.

Niseme haki: sura ya usanifu wa taarifa imefanywa vizuri. Aliyeiandika alikaa na watu wa masjala, akafuatilia rekodi ya mteja kutoka fomu hadi hifadhidata, akaonesha mahali jina moja linapoandikwa upya katika mifumo mitatu. Kazi ya namna hiyo ndiyo tuliyoitarajia katika ripoti nzima.

Kwa hiyo tunataka uchambuzi wa pengo urudiwe, safari hii pamoja na watumishi wanaotumia mifumo kila siku, na kila kijenzi cha leo kionekane kimepelekwa wapi. Mpango wa mpito nao urekebishwe kulingana na matokeo hayo, kisha tupewe faili la modeli. Kuhusu ukurasa wa maghala, tunahitaji maelezo ya maandishi yenye saini yako, yanayoeleza pia nani ameziona nyaraka zetu na zimehifadhiwa wapi. Maelezo hayo yatufikie ndani ya siku 14.

Ankara ya mwisho tumeisitisha kwa mujibu wa kifungu cha ukubalifu wa kazi, hadi hayo yatakapokamilika. Tuko tayari kwa kikao wakati wowote ndani ya muda huo, na tunaomba uje na mtaalamu aliyeandika sura ya taarifa.

Wako katika kazi,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mkuu wa Idara ya Fedha, Mwanasheria wa Taasisi