Kifaa cha kunikumbusha kisinidai nikumbuke

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vifaa saidizi nimeisoma mara tatu, kalamu mkononi, maana nisipopigia mstari ninachosoma hunitoka. Mmeeleza vizuri habari za viti mwendo, fimbo nyeupe na vifaa vya kusikia. Sisi ambao ulemavu wetu umo ndani ya fuvu, katika kukumbuka, kuelewa na kufuata mpangilio, hamkututaja. Naomba nafasi niyaseme yangu. Barua hii imenichukua asubuhi nne.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka saba iliyopita nilianguka kutoka kwenye ngazi nikaumia kichwa. Nilipopata nafuu, mikono yangu haikuwa imesahau kitu: nikipewa kitambaa nakata, natunga uzi kwenye sindano, mshono unanyooka. Ila vipimo nilivyochukua dakika kumi zilizopita sivikumbuki, wala sijui kama mkono wa gauni uliopo mezani nimeshauunga au bado. Siku moja nilikata mikono yote miwili ya upande wa kushoto na kuishona. Mwenye gauni hakusema neno, alinishika bega tu, nami nikalia hadi jioni. Ujuzi ninao. Kilichokatika ni kile kinachounganisha hatua hii na ile inayofuata, na hapo ndipo kifaa kizuri kinapoweza kunishikia.

Kituo kilichokuwa kinanitibu kilinipa simu yenye programu ya kukumbushia. Kila ilipojifunga ilitaka nywila ya herufi nane, ndani yake pawe na herufi kubwa na tarakimu. Ukikosea mara tatu, inakufungia nje kwa nusu saa. Na ndani ya programu hiyo ndimo ulimokuwa ukumbusho wa dawa yangu ya kifafa, ugonjwa ulionipata baada ya kuumia. Binti yangu aliandika nywila kwenye kipande cha karatasi akakibandika nyuma ya simu. Mhudumu mmoja alipokiona akakibandua, akasema kanuni za usalama haziruhusu. Usiku huo nilikosa dawa, na kabla ya alfajiri kifafa kilinikuta peke yangu, nikazinduka sakafuni.

Aliyebuni programu ile alijua kabisa kwamba mtumiaji wake ni mtu asiyekumbuka. Ndiyo sababu ya programu yenyewe kuwepo. Halafu mlangoni akaweka mtihani wa kumbukumbu! Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakuwahi kukaa karibu na mmoja wetu akamtazama anavyohangaika na mlango huo.

Tena dawa ya tatizo hili inajulikana. Mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha matumizi ya tovuti, unaotolewa na W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya tovuti, toleo lake la 2.2 la Oktoba 2023, unataka mtu asilazimishwe kukumbuka nywila au kutegua fumbo ili aingie, isipokuwa awe na njia nyingine au kitu cha kumsaidia, kama vile kuruhusiwa kuinakili nywila iliyohifadhiwa kwenye kifaa na kuiweka bila kuiandika. Unataka pia kwamba ulichokwisha kukijaza mwanzo wa shughuli usidaiwe ukijaze upya katika shughuli hiyohiyo. Toleo la kwanza la mwongozo huo lilitoka mwaka 1999. Kipengele cha nywila kimetufikia miaka 24 baadaye, na bado programu nyingi ninazokutana nazo hazijakisikia.

Kwangu mimi mlango ulifunguka pale binti yangu alipoweka alama ya kidole badala ya nywila. Kazi ya dakika tano.

Lakini yako maumivu mengine ambayo watengenezaji hawayaoni kabisa, nayo ni yale wanayoyaita maboresho. Ilinichukua wiki tano kujifunza kitufe kimoja cha kijani, kilichokuwa chini kulia. Binti yangu alinishika kidole, siku baada ya siku, asiniache nikosee hata mara moja. Hilo halikuwa dekezo. Wanasaikolojia Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha mwaka 1994 kwamba mtu mwenye kumbukumbu iliyoharibika hujifunza vizuri zaidi akizuiwa kukosea, kwa sababu kosa likishatendeka hubaki mkononi, na yeye hana kumbukumbu ya kumwambia kwamba lile lilikuwa kosa. Basi usiku mmoja programu ikajisasisha yenyewe. Asubuhi kitufe kilikuwa juu, rangi ya kijivu. Hata leo kidole gumba changu hukimbilia chini kulia, mahali pasipo na kitu. Wiki tano za mtoto wangu zilifutwa na mtu aliyeona kijivu kinapendeza.

Nawaomba wabunifu jambo moja hapa: mnapotutengenezea sisi, acheni kitu pale kilipo. Kama ni lazima kibadilike, tuulizwe kwanza, na ya zamani ibaki kwa anayeitaka. Na zile sekunde zinazohesabiwa kurudi nyuma huku ninasoma, ziondoeni. Mimi nikiona namba zinapungua sisomi tena maneno, natazama namba.

Mfano wa kifaa kilichobuniwa kwa moyo upo, tena wa zamani. Huko California mhandisi Larry Treadgold, ambaye mwanawe aliumia kichwa, alishirikiana na mwanasaikolojia wa ubongo Neil Hersh wakatengeneza mfumo wa peja, kile kifaa kidogo cha kupokea ujumbe mfupi, ulioitwa NeuroPage. Ulitambulishwa katika maandishi yao ya mwaka 1994. Peja ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa. Wakati ukifika inalia au inatikisika, ujumbe mfupi unatokea: kunywa dawa, jiandae kutoka. Hakuna cha kufungua, hakuna cha kuchagua, na ratiba yote inapangwa na mtu mwingine huko kwenye kompyuta. Uingereza, Barbara Wilson na wenzake waliwajaribisha watu 143, na katika matokeo yaliyotoka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza jaribio walitimiza shughuli zao za kila siku vizuri zaidi walipokuwa na peja. Simu niliyopewa mimi ina uwezo ambao peja ile haikuuota. Lakini peja ilitoka nyumbani kwa mtu aliyeishi na shida hiyo.

Nilipomsomea binti yangu habari hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu yangu akaondoa karibu kila kitu. Sasa inatoa ukumbusho mmoja kwa wakati mmoja, kwa sauti yake mwenyewe: "Mama, kidonge cheupe. Ukishameza, gusa kitufe." Haunyamazi kabisa mpaka nimegusa. Na kwenye meza ya kazi ananisemea vilevile: "Mama, mkono wa kushoto tayari, sasa wa kulia." Tangu hapo sijarudia kosa la lile gauni.

Kuhusu vifaa vya kuonyesha mtu yuko wapi, najua wengi hawavipendi. Ninacho kimoja. Nilikikubali kwa sababu niliulizwa, nikaonyeshwa kile anachokiona binti yangu, na nikaambiwa naweza kukizima. Kama ningevishwa bila kuulizwa ningekitupa, na ningekuwa na haki.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, na ndani yake vimo visanduku vya kupangia vidonge na simu zilizorahisishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unazitaka nchi zitushirikishe kwa karibu katika maamuzi yanayotuhusu. Kwa hiyo, Mhariri, mnapoandika tena juu ya vifaa hivi, msituache nje.

Niliwahi kuitwa mara moja kujaribu programu mpya. Ilikuwa saa tatu asubuhi, chumba kimya, vijana wapole, nami nimelala vizuri. Nilifanya kila walichoniomba, wakaandika kwamba programu haina tatizo. Hawakujua kwamba ubongo ulioumia huchoka kabla ya mwili, na kwamba mtu waliyemwona asubuhi ile siye anayeitumia programu yao jua likizama, simu nyingine inalia, na mlango unagongwa. Wakitaka kunijaribisha tena niko tayari, bila malipo. Waje saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimeshona mchana kutwa.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani